Mzee Asiyeng'atuka: Umri na Kifo cha Shujaa katika The Dark Knight Returns

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uzee wa shujaa katika The Dark Knight Returns, katuni ya Frank Miller iliyochapishwa na DC Comics mwaka 1986. Hoja inayotetewa ni kwamba uzee wa Batman si suala la maudhui pekee. Ndiyo njia ambayo kazi hii inamrejeshea shujaa wa mfululizo wakati aliokuwa amenyimwa. Ubora wa kazi unaonekana pale inapoulipa wakati huo kwa mwili wa mhusika. Udhaifu wake unajitokeza pale inapokwepa malipo ya mwisho, yaani kifo. Uchambuzi unatumia ubainifu uliomo katika Kiswahili kati ya mzee na zee, na kati ya kustaafu na kung'atuka. Unatumia pia ulinganisho mfupi na Utendi wa Fumo Liyongo.

Wakati uliogandishwa

Katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Superman, Umberto Eco alieleza tatizo la msingi la shujaa wa katuni. Shujaa wa visakale ametenda na amekwisha; msimulizi anakisimulia kisa ambacho mwisho wake unajulikana. Shujaa wa katuni sharti atende kila mwezi, na kila atendapo anapaswa, kwa mantiki ya maisha, kusogea hatua moja kuelekea kifo. Kwa kuwa soko halimruhusu kufa, wasimulizi humweka katika wakati wenye ukungu ambamo kisa cha leo hakiachi alama katika kisa cha kesho. Hali hii si ya Marekani peke yake. Msomaji wa riwaya pendwa ya Kiswahili anamfahamu Willy Gamba wa Elvis Musiba tangu Kufa na Kupona (1974), na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hao nao huingia katika kila hatari mpya wakiwa na nguvu zilezile walizotoka nazo katika hatari iliyopita.

Batman alitokea kwa mara ya kwanza mwezi Mei 1939, katika toleo la 27 la Detective Comics, akiwa zao la Bob Kane na Bill Finger. Kufikia 1986 alikuwa amedumu karibu nusu karne bila kuzeeka. Miller, aliyezaliwa mwaka 1957 na hivyo kuwa mdogo kwa mhusika wake kwa njia zote mbili za kuhesabu, aliamua kumtoza shujaa huyo umri. Katika matoleo manne yaliyotiwa wino na Klaus Janson na rangi na Lynn Varley, Bruce Wayne ana miaka 55. Ameuacha ufunuo wake wa usiku kwa miaka 10, tangu kifo cha msaidizi wake Jason, na jiji la Gotham limeangukia mikononi mwa genge la vijana wajiitao Mutants. Juu ya jiji hilo kuna wingu kubwa zaidi: mgogoro wa Marekani na Usovieti juu ya kisiwa cha kubuni kiitwacho Corto Maltese, utakaoishia katika mlipuko wa kombora la nyuklia na majira ya baridi yasiyo na jua.

Umri wa miaka 55 wenyewe unastahili kutazamwa. Kama kalenda ingefuatwa kwa uaminifu, mtu aliyekuwa kijana wa miaka 25 mwaka 1939 angefika 1986 akiwa na miaka 72, na hadithi ya mzee wa miaka 72 anayewapiga vijana ingekuwa kichekesho. Miller amechagua umri wa maafikiano: mkubwa kiasi cha mwili kuuma, mdogo kiasi cha ngumi kufika. Maafikiano haya madogo ya hesabu yanatangulia maafikiano makubwa zaidi yanayojitokeza mwishoni mwa kazi.

Mwili na sauti

Katuni za Marekani zilizotangulia zilizoea kuyaweka mawazo ya mhusika katika viputo vyenye umbo la wingu juu ya kichwa chake. Miller anaviacha viputo hivyo na badala yake anatumia visanduku vya simulizi vinavyoelea pembeni mwa picha, vyenye sentensi fupi, nyingine zisizo na kitenzi, zilizokatwa mithili ya pumzi ya mtu anayepanda ngazi. Mabadiliko haya yanaweza kuonekana kuwa ya kiufundi tu, lakini uzee wote wa kazi umejengwa juu yake. Kiputo cha mawazo hufungamanishwa na kichwa kilichochorwa. Kisanduku cha simulizi kimetenganishwa na mwili. Kwa hiyo msomaji hupokea taarifa mbili kwa wakati mmoja. Picha inaonyesha kivuli kipana cha joho kikishuka juu ya wahalifu, na maneno yanalalamikia goti, mgongo, na kiungo ambacho zamani kisingechelewa. Wahalifu wanaiona picha peke yake. Msomaji ndiye anayeyasikia maneno.

Ukurasa umegawanywa, mara nyingi, kwa msingi wa visanduku 16, safu nne kwa nne. Vidogo hivyo vinabeba nyuso za watangazaji na wachambuzi wa televisheni, vikiwa vimechorwa kwa umbo la kioo cha runinga, na vinaubana ukurasa hadi msomaji akose hewa. Kisha, ghafla, ukurasa mzima unaachiwa mwili mmoja. Ukubwa wa Batman katika kurasa hizo unatokana na ufinyu uliotangulia zaidi kuliko misuli aliyochorewa. Mwili unaolalamika katika vijisanduku ndio uleule unaotukuzwa katika ukurasa mzima, na kazi haiamui upi kati ya miili hiyo miwili ni wa kweli.

Mapambano mawili dhidi ya kiongozi wa Mutants ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi kwamba umri hapa ni suala la maarifa. Mara ya kwanza Batman anafika na gari la deraya, analisambaratisha genge, na angeweza kuumaliza ugomvi akiwa ndani ya chuma. Kiburi kinamtoa nje. Anapigana kama alivyopigana zamani, kwa kasi na nguvu, na mpinzani mwenye kasi na nguvu kubwa zaidi anamvunja mkono. Anaokolewa na msichana wa miaka 13, Carrie Kelley, aliyejivika vazi la Robin bila kuombwa na mtu. Mara ya pili anachagua mahali. Anamvuta kijana yule kwenye tope zito, ambamo kasi haina faida, na anashughulika na viungo vyake kimoja baada ya kingine kwa utulivu wa mtu anayejua kila neva inapopita. Waswahili husema utu uzima dawa. Pambano la pili ni la mzee aliyekubali kuwa mzee, na ndilo analoshinda.

Mzee na zee

Mahasimu wa Batman humwita kwa umri wake, kwa dharau. Mfasiri atakayetaka kuyaweka matusi hayo katika Kiswahili atakutana na jambo ambalo Kiingereza hakilioni. Neno mzee katika ngeli ya kwanza ni la heshima kabla ya kuwa la umri; mtu mwenye miaka 40 aliye na madaraka huitwa mzee, na hakuna anayeona kosa. Ili kutukana, mzungumzaji hana budi kuihama ngeli: zee, kwa ukubwa unaochusha, kizee, kwa udogo unaodharauliwa. Tusi linakaa katika kiambishi, si katika shina. Kwa maneno mengine, sarufi ya Kiswahili inashikilia kwamba umri wenyewe hauna aibu, na kwamba anayetaka kuufanya aibu lazima afanye kazi ya ziada.

Ubainifu huu unasaidia kuusoma muundo wa kazi ya Miller. Katika sehemu za mwanzo Batman ni zee machoni pa genge: kitu kikubwa kilichopitwa na wakati. Baada ya pambano la tope anakuwa mzee: vijana walewale wanaligawa genge lao, na kundi moja linajipaka alama ya popo usoni na kujiita wanawe. Hata hivyo hakuna aliyewalea. Wanawatesa wezi wadogo na wenye maduka kwa jina la baba ambaye bado hajazungumza nao. Jamii za Waswahili zinaelewa kwamba mzee hupewa heshima kwa kuwa analo jukumu la kuonya na kusuluhisha. Batman anapokea heshima miezi kadhaa kabla ya kulipokea jukumu. Anapowatokea hatimaye, usiku ambao umeme wote umezimika, akiwa juu ya farasi, anawaongoza kuirejesha amani mjini. Tukio hilo lina mvuto mkubwa wa picha. Lina pia tatizo lake, nalo linahitaji mhusika mwingine ili lionekane.

Gordon anaondoka

Mhusika huyo ni James Gordon, kamishna wa polisi. Uhakiki mwingi humtaja kwa kifungu kimoja, ilhali ndiye mizani ya kazi nzima. Gordon anafikisha miaka 70, anakabidhi ofisi kwa Ellen Yindel, na anarudi nyumbani kwa mkewe. Yindel, kwa amri yake ya kwanza muhimu, anaagiza Batman akamatwe. Gordon hamzuii, anamweleza tu, kwa mfano wa tetesi zilizomhusu Rais Roosevelt na shambulio la Pearl Harbor, kwamba kuna matendo makubwa mno ambayo yeye mwenyewe alishindwa kuyapima, kisha anamwachia uamuzi.

Kiswahili kina neno kwa tendo hili. Mwezi Novemba 1985, miezi michache kabla ya toleo la kwanza la Miller kuingia sokoni, Julius Nyerere aliuacha urais wa Tanzania, na kitenzi kung'atuka, kinachonasibishwa na Kizanaki, lugha yake ya kwanza, kilikuwa kimekwisha kuenea katika Kiswahili kupitia kinywa chake. Hakuna uhusiano wa kihistoria kati ya matukio hayo mawili; ni sadfa ya kalenda. Lakini ubainifu unaoletwa na neno hilo una manufaa ya kihakiki. Kustaafu ni kufika kwenye kikomo kilichowekwa na sheria au na mwili. Kung'atuka ni kuachia nafasi kwa hiari, ilhali bado mtu anaweza kuishikilia. Gordon anastaafu kwa kanuni, lakini anang'atuka kwa moyo: anamwachia Yindel hata uwezo wa kukosea. Batman alistaafu miaka 10. Hakung'atuka hata siku moja. Miller anaonyesha hivyo katika kurasa za mwanzo, Bruce akishiriki mbio za magari na kunusurika katika ajali ambayo karibu aikaribishe. Kilichomrudisha usiku ule wa dhoruba ni kitu ambacho hakikuwa kimewahi kuondoka.

Picha ya mzee wa tatu inalitia jambo hili uzito wa kisiasa. Rais wa Marekani katika katuni hii hatajwi jina, lakini amechorwa kwa sura ya Ronald Reagan, ambaye mwezi Februari 1986 alitimiza miaka 75. Ni babu mwenye tabasamu, anayezungumzia vita vya nyuklia kwa mifano ya farasi na ranchi. Kejeli ya Miller dhidi yake ni kali na ya haki. Lakini msomaji akiwapanga wazee hawa watatu pamoja, ataona kwamba Rais na Batman wanafanana katika jambo moja: kila mmoja anaamini hatari ya wakati huu haiwezi kukabidhiwa kwa mwingine. Kazi inamcheka mmoja na kumtukuza mwingine, na haikiri kwamba imeuona mfanano huo.

Hapa ndipo mjadala wa zamani kuhusu kama kazi hii ina mwelekeo wa kifashisti unapaswa kuwekwa. Wanaoituhumu hunyooshea kidole farasi, alama na kundi la vijana watiifu. Wanaoitetea huelekeza kwenye kejeli ya televisheni na tofauti za sauti zinazopingana ndani yake. Pande zote mbili zinahesabu alama. Swali lenye uzito zaidi linahusu muda: je, mamlaka ya mtu huyu yana mwisho? Usiku uleule wa giza, Gordon anaonekana mtaani bila cheo, akimhofia mkewe aliyetoka kwenda dukani, na akiwapanga majirani kuuzima moto. Hana farasi wala alama. Ni kurasa chache, na baadhi ya wasomaji huzipita haraka kumfuata Batman, lakini zinathibitisha kwamba Miller alijua kuchora uongozi wa mzee aliyeachia nafasi. Aliuchora vizuri, kisha akauacha pembeni.

Anayezeeka kwa dakika

Superman, mtumishi mtiifu wa Rais, ndiye wakati uliogandishwa wa Eco ukiwa umevikwa mwili. Ndugu zake wa zamani wamestaafishwa, wamehama au wamevunjika. Oliver Queen amepoteza mkono. Yeye amebaki kijana. Kisha kombora la Usovieti linalipukia karibu naye, jua linafunikwa, na katika kurasa zinazotisha kuliko zote za kazi hii mwili wake unanyauka hadi kuwa ngozi juu ya mifupa. Anazeeka kwa dakika miaka yote aliyodhulumu. Anajiokoa kwa kunyonya nguvu ya jua iliyohifadhiwa katika mimea ya msitu, nao unakauka mikononi mwake.

Wachambuzi wameliona tukio hili zaidi kama onyo kuhusu silaha za nyuklia, na ni hivyo. Ni pia kauli kali kuhusu utanzu wenyewe. Ujana usiokwisha wa shujaa wa mfululizo haupatikani bure. Kuna kitu kinachokauka ili uendelee. Hakuna mahali pengine ambapo Miller analisema hili waziwazi hivi, na inashangaza kwamba analisema kupitia Superman, mhusika anayemkebehi, badala ya Batman anayempenda.

Kifo cha kuigiza

Kama tukio la Superman lingekuwa la mwisho, kazi ingekuwa imetimiza ahadi yake. Toleo la nne linaendelea hadi kwenye uchochoro ambamo wazazi wa Bruce waliuawa. Humo Batman, akiwa ndani ya vazi la chuma na akisaidiwa na mshale wa Queen wenye kryptonite, anampiga Superman hadi chini, kisha moyo wake unasimama. Jumba la Wayne linateketea. Siri ya jina lake inafichuka. Kwa kurasa kadhaa msomaji anashika kitu kizito na kamili: mzee aliyeufikia mwisho wake mahali pale mwanzo wake ulipokuwa. Kisha, kaburini, masikio ya Superman yanasikia moyo ukianza tena kudunda. Kilikuwa kifo cha dawa, kilichopimwa kwa saa. Superman anamkonyezea jicho Carrie na kuondoka, na kisanduku cha mwisho kiko pangoni, ambamo Bruce anawaandaa vijana wake.

Ulinganisho na Utendi wa Fumo Liyongo, katika toleo lililotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unafaa hapa, kwa kuwa utendi nao unacheza na mpaka kati ya mwili na taswira yake. Liyongo anachomwa kitovuni kwa ncha ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyehongwa na mtawala wa Pate. Anakwenda kisimani, anapiga goti, anauvuta upinde wake, na anafia katika mkao huo. Mji unakaa na kiu. Hakuna anayethubutu kuteka maji, kwa kuwa kila anayemtazama anamwona hai na amekasirika. Mama yake anafika kumsihi, na hatimaye mwili unapoanguka ndipo watu wanapojua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Katika kazi zote mbili, shujaa anaendelea kutisha baada ya kifo. Mpangilio ndio unaotofautiana. Katika utendi, watu wanamdhani hai na kumbe amekufa. Katika katuni, watu wanamdhani amekufa na kumbe yu hai. Nguvu ya Liyongo kisimani inatokana na ukweli kwamba hawezi tena kuitumia: ni taswira tupu, nayo ikianguka watu wanabaki na aibu yao, na mwana aliyesaliti hapati alichoahidiwa. Batman anabakia na nguvu pamoja na faida ya kudhaniwa maiti. Sasa hana sura inayotafutwa, hana mali inayokaguliwa, hana Yindel anayeweza kutia saini hati ya kumkamata. Mtu aliyerudi ili alipe deni la umri ametoka kaburini bila daftari lolote la madeni. Yeye mwenyewe, katika maneno yake ya mwisho, anaridhika.

Inaweza kujibiwa kwamba kifo cha kuigiza ni kifo cha mhusika wa hadhara, na kwamba anayebaki pangoni ni mwalimu tu. Jibu hilo lina nguvu kiasi. Carrie ameonyeshwa kuwa mwanafunzi anayeweza kumrithi, na ukurasa wa mwisho unampa nafasi mbele. Lakini mwalimu huyo anajenga jeshi, kwa mpango wa miaka, chini ya ardhi, na hakuna mstari unaoonyesha kwamba Carrie atawahi kukabidhiwa amri. Soko nalo lilisoma mwisho huo lilivyotaka. Miller alirudi na The Dark Knight Strikes Again mwaka 2001, na tangu 2015 ukafuata mfululizo wa tatu. Mzee wa miaka 55 akaingia katika wakati wenye ukungu kama vijana wengine wote, tofauti ikiwa mvi.

Kuna mzee mmoja katika kazi hii ambaye anakufa kweli. Alfred, mtumishi wa nyumba, ambaye tangu mwanzo amekuwa akishona majeraha na kutoa dhihaka za upole, anatekeleza agizo la mwisho la kuliangamiza jumba, anatazama jambo likikamilika, na anaanguka kwenye majani. Hakuna dawa iliyoandaliwa kwa ajili yake. Kifo chake kinatajwa katika taarifa ya habari, ndani ya kile kisanduku kidogo cha runinga, kwa maneno machache kuhusu kiharusi, kisha mtangazaji anaendelea na utajiri wa Wayne na mahali ulikotoweka.